Magunia 12 ya maganda ya korosho: niyatandaze au niyarudishe?

*Swali: Nakaa Malindi, upande wa Ganda, na nina kibustani nyuma ya nyumba: matuta sita ya sukuma wiki na mchicha, nyanya kidogo, mipapai mitatu na miembe miwili mikubwa. Ardhi ni mchanga mtupu. Nikimwagilia asubuhi, ikifika adhuhuri pamekauka kama kwamba sikumwaga kitu, na maji nanunua kwa mtungi. Nimesoma mtandaoni kwamba maganda ya jamii ya njugu na korosho ni matandazo mazuri, hayaozi upesi na huzuia magugu. Jirani yangu hubangua korosho, amenipa magunia 12 ya maganda bure. Shemeji yangu akamua mafuta ya nazi, naye ana lundo la vifuu na makumbi. Mavyaa wangu amenikataza: asema maganda ya korosho yatachoma mimea na vifuu vitaleta mbu. Mtu mwingine kaniambia matandazo ya maganda huifanya ardhi kuwa chachu na kuita mchwa. Nimfuate nani? Gunia moja nimeshalimwaga kwa mikono kwenye tuta la mchicha, na tangu jana vidole vyaniwasha.*

Dada yangu, nianze na pale ulipomalizia, maana bustani inaweza kungoja, vidole haviwezi.

Kinachokuwasha ni utomvu wa mafuta uliomo ndani ya ganda la korosho. Maji matupu hayautoi. Jipake mafuta ya nazi au ya kupikia, sugua polepole mpaka chini ya kucha, pangusa kwa kitambaa cha kutupa, ndipo uoshe kwa sabuni na maji mengi. Rudia mara mbili. Leso na nguo ulizovaa siku ile zifue peke yake, na mpini wa jembe uupanguse vilevile kwa sabuni, kwa kuwa utomvu ukikaa juu ya kitu utakungoja hapo. Kabla hujamaliza haya usijiguse macho wala usimshike mtoto. Upele wa utomvu huu mara nyingi huja siku moja hadi tatu baada ya kugusa, kwa hivyo usishtuke ukizidi kesho kabla haujapoa. Malengelenge yakitoka usiyatumbue. Yakifika usoni, karibu na macho au sehemu za siri, au mkono ukivimba, ukitoa usaha au ukishikwa na homa, nenda zahanati au hospitali siku hiyohiyo na uwaambie waziwazi kwamba ulishika maganda ya korosho.

Jiulize pia jambo moja: ukila embe bila kulimenya vizuri, midomo hukutoka vipele? Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, na utomvu wao una jamaa wanaofanana. Mtu ambaye ngozi yake inagombana na utomvu wa embe huumizwa zaidi na ganda la korosho. Ikiwa wewe ni mmoja wao, basi kazi yote nitakayoieleza hapa chini kuhusu korosho mpe mtu mwingine, hata kama una glavu.

Sasa bustani. Mavyaa wako amesema kweli kuhusu korosho, na kuhusu vifuu amesema kweli nusu. Ulichosoma mtandaoni nacho si uongo, ila kilikuwa kinazungumzia maganda mengine. Kurasa nyingi za namna hiyo huandikwa mahali ambapo ganda la kutandaza ni la lozi, la karanga au la makadamia, kama yale yatokayo viwandani kwa zao la Murang'a, Embu na Meru. Ganda la makadamia likishakauka ni ubao mkavu tu, gumu na halina makuu. Hata huko ng'ambo yapo yanayoogopwa: jozi nyeusi ya Amerika ya Kaskazini ina kemikali inayoitwa jugloni, ambayo hunyausha nyanya iliyopandwa karibu. Kwa hiyo neno "ganda" lisikupe imani. Kila ganda lina lake tumboni, na la korosho ndilo lenye mengi kuliko yote utakayokutana nayo pwani hii.

Lishike moja kwa koleo, si kwa vidole, ulivunje juani. Utaona ngozi mbili, ya nje nyororo kama ngozi ya kiatu na ya ndani ngumu, na katikati yake tundutundu kama sega la nyuki. Kila kitundu kimejaa utomvu mzito wa rangi ya kahawia. Ganda bichi lina utomvu huo kiasi cha asilimia 20 hadi 30 ya uzito wake. Gunia lenye kilo 30 za maganda mabichi, basi, limebeba kilo 6 hadi 9 za mafuta yanayochoma. Sehemu kubwa ni asidi ya anakadi, pamoja na kadoli na kadanoli. Mkorosho umeyaweka hapo kulinda mbegu isiliwe, na yanafanya kazi hiyo barabara: huua vijidudu vya ukungu, hufukuza mchwa, hudhuru konokono. Viwandani hutumika kutengeneza breki za magari, rangi na dawa ya kuhifadhi mbao. Kitu kinachozuia ubao usioze hakiwezi kuwa rafiki wa udongo unaotaka uwe na uhai, na mzizi mchanga wa mchicha ni mwororo kuliko kidole chako.

Kabla ya kuamua hatima ya hayo magunia, muulize jirani anabangua kwa njia gani, kwani hapo ndipo tofauti ilipo. Kama korosho hupikwa kwa mvuke kisha hukatwa kwa mashine ya mkono, ganda hutoka na karibu mafuta yake yote. Hilo ni bichi, hata kama limekauka na kukaa ghalani mwaka mzima. Kama huchomwa kwenye debe lililotobolewa mpaka moto ukawaka juu yake na moshi mweusi ukapanda, basi mafuta mengi yameungua au yamemwagika, na ganda limebaki jeusi, jepesi, la kuvunjika. Joto kali pia huibadili asidi ya anakadi kuwa kadanoli, ambayo ni pole kidogo. Pole kidogo lakini si salama, kwa kuwa kadoli bado imo.

Usitegemee macho. Weka maganda matano juu ya gazeti, funika kwa gazeti jingine, yaponde kwa nyundo na uyaache juani saa moja. Doa la kahawia likienea kwenye karatasi, mafuta yamo na mjadala umekwisha. Karatasi ikibaki kavu, endelea na jaribio la pili. Chukua vikopo viwili vyenye matundu chini, kimoja utie mchanga wako uliochanganywa nusu kwa nusu na maganda yaliyopondwa, kingine mchanga mtupu. Panda pojo 10 katika kila kimoja, mwagilia sawasawa, hesabu siku ya saba. Mchanga mtupu ukiotesha tisa na ule wenye maganda ukaotesha tano, au ukaotesha tisa zenye mizizi mifupi ya kahawia, umeshajibiwa. Kuna wanaopendekeza kuroweka maganda na kumwagilia mbegu kwa maji yake. Jaribio hilo hudanganya hapa: mafuta hayayeyuki katika maji vizuri, kwa hivyo maji yatatoka safi na sumu ikabaki kwenye ganda.

Kwa maganda ya mvuke ushauri wangu ni mfupi: yarudishe. Yana thamani kama kuni za tanuri kubwa, na wabanguaji wengi wenye viwanda huyachoma wenyewe kupata moto wa kupikia mvuke. Wewe usiyachome nyumbani. Moshi wake huwasha macho na kifua, na hakuna chakula cha kupikwa juu yake. Usiyafukie shimoni pia, hasa ikiwa kuna kisima jirani, kwa sababu mchanga wa Malindi hauchuji kitu, kinachomwagwa juu hushuka. Kuna wanaosema yaache yanyeshewe misimu miwili ndipo uyatumie. Inawezekana, na jaribio la pojo litakwambia yamefikia wapi, lakini kulinda magunia 12 dhidi ya watoto na kuku miaka miwili ili upate matandazo ya daraja la pili, wakati shemeji ana lundo la makumbi, ni kujitafutia kazi.

Ukitaka kubakiza gunia moja, na hakuna kisima karibu, libakize kwa ajili ya nguzo za ua. Chimba mfereji wa kina cha kiganja kuzunguka nguzo, jaza maganda, funika na udongo, na mchwa watapata taabu kuifikia. Iwe nguzo iliyo mbali na matuta, angalau mita moja na nusu, na pasiwe njia ya watoto peku. Maganda yaliyochomwa mpaka yakawa meusi na yakafaulu majaribio yote mawili unaweza kuyatandaza chini ya miembe yako mikubwa, sentimita 3 tu, usiyapeleke kwenye mboga.

Tuje kwenye makumbi, kwani hapo ndipo hazina yako. Makumbi yana usumba, na katikati ya nyuzi za usumba kuna lile vumbi la kahawia ambalo wengi hulikung'uta na kulitupa. Vumbi hilo huweza kushika maji mara saba hadi nane ya uzito wake mkavu. Na usumba wenyewe una lignini nyingi, ile gundi ngumu ya miti, ndiyo maana hauozi haraka hata kwa joto letu.

Tatizo lako la adhuhuri lina sababu mbili. Mchanga wenyewe haushiki maji, yanapita. Yaliyobaki juu hunyonywa na jua na upepo: mchanga ulio wazi wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, huweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi juu kabisa, na mizizi ya sukuma iliyo karibu na uso hupikwa. Matandazo hukata yote mawili, kivuli kwa mchanga na pazia kwa upepo. Kuna faida ya tatu isiyosemwa sana. Maji mengi ya visima vya pwani yana chumvi kidogo, na kila yanapokauka juu ya udongo huiacha chumvi pale pale. Ukiona ukoko mweupe kwenye kingo za tuta, ndio huo. Tuta lililofunikwa hukauka polepole, kwa hivyo chumvi haipandi juu kwa kasi ile.

Lakini makumbi nayo yana chumvi yake. Mnazi wa pwani hunywa chumvi na kuiweka kwenye kumbi, na kama makumbi yamefukiwa kwenye matope ya bahari ili yalainike kwa kusuka kamba, hayo yameshiba chumvi ya bahari kabisa. Muulize shemeji yametoka wapi. Ya nchi kavu yaroweke kwenye pipa kwa siku nzima, mwaga maji, rudia mara mbili. Maji ya kwanza yatatoka mekundu kama chai ya rangi, ya tatu yatakuwa mepesi. Mwaga maji hayo chini ya mnazi, si kwenye mboga. Kwa kuwa unanunua maji, njia ya bei nafuu ni kuyatandaza makumbi mahali pa wazi mvua za mwaka zikianza Aprili na kuyaacha mpaka Juni. Malindi mwezi wa Mei peke yake hushusha mvua ya kutosha kuyaosha. Yaliyofukiwa baharini mimi nisingeyapeleka kwenye mboga hata baada ya kuoshwa.

Baada ya hapo yakate kwa panga vipande vya ukubwa wa vidole viwili, pamoja na vumbi lake. Tuta la mita 1 kwa mita 4 likitandazwa sentimita 5 hula lita 200, yaani madebe 10. Matuta sita ni madebe 60. Mwembe mkubwa, ukitandaza sentimita 8 kuanzia sentimita 30 kutoka kwenye shina hadi mita 2, unakula karibu madebe 50. Nakutajia hesabu hii kwa sababu wengi huanza na miembe, makumbi yakaisha kabla hawajafika kwenye mboga. Anza na mboga. Mwembe mkubwa mizizi yake imeshafika chini, utakusubiri.

Kwanza ng'oa magugu. Tandaza samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nusu debe kwa kila mita moja ya mraba, uichanganye na mchanga wa juu. Mwagilia mpaka maji yashuke, lita 20 kwa mita ya mraba, ndio mtungi mmoja. Lowesha makumbi pia kabla ya kuyaweka. Hatua hii ndiyo inayorukwa, kisha watu hulalamika kwamba matandazo "hayafanyi kazi". Makumbi makavu yakikaa juu ya mchanga mkavu hunywa yenyewe kila maji unayonyunyiza, na mzizi haupati hata tone. Kuanzia siku hiyo acha kunyunyiza kidogokidogo kila asubuhi. Mwagilia kwa wingi mara chache, na kabla ya kumwaga funua kwa kidole: mchanga ukiwa na unyevu kwenye kiungo cha pili cha kidole, ahirisha. Usidanganywe na juu pakavu. Mvua ndogo nayo huishia kwenye makumbi, kwa hivyo baada ya manyunyu bado funua uangalie.

Acha duara tupu kuzunguka kila shina: sentimita 3 kwa sukuma na mchicha, 5 hadi 10 kwa nyanya, 20 kwa mpapai. Mpapai usiuonee mchezo. Shina lake ni laini, likikaa na unyevu siku nyingi huoza kwenye kitako na mti ukalala usiku mmoja. Mbegu za mchicha usizifunike na matandazo. Ngoja miche ifike urefu wa kiganja.

Duara hilo ndilo jibu la mchwa pia. Mchwa hawaitwi na matandazo kutoka mbali, wapo ardhini tayari na hutafuta vitu vikavu vilivyokufa. Wakila makumbi, wamekula makumbi. Hasara huja pale matandazo makavu yanapogusa shina, wakajenga udongo wao juu yake na wakati wa ukame wakaanza kuguguna gome. Acha nafasi, bomoa njia zao za udongo kila uzionapo, na usiyaache matandazo yakauke kabisa.

Kuhusu uchachu, tulia. Chukua kijiko cha udongo wako uliokauka, ukamulie ndimu. Ukisikia unachemka na kutoa povu, una chokaa ya matumbawe, na udongo wa namna hiyo hauchachushwi na madebe 60 ya makumbi wala 600. Usipotoa povu bado hofu hiyo ni ndogo, kwa sababu matandazo yanayokaa juu huoza taratibu mno kubadili kitu. Penye chokaa shida huwa kinyume chake: mimea hushindwa kupata chuma.

Kinachoweza kukuponza kweli ni upungufu wa naitrojeni, chakula kinachokuza majani. Bakteria wanaoozesha makumbi hupata kaboni tele ila naitrojeni haitoshi. Katika vumbi la makumbi kaboni mara nyingi hupita mara 80 ya naitrojeni, wakati uozo wa amani hutaka isizidi mara 25 hadi 30. Wakipungukiwa huinyang'anya kwenye udongo. Makumbi yakikaa juu, unyang'anyi huo hutokea kwenye ule utando mwembamba yanapogusana na mchanga, mimea haihisi. Ukiyachanganya na udongo kwa jembe, unyang'anyi unashuka mpaka kwenye mizizi. Kwa hiyo usiyalimie ndani. Utajua kwa majani: sukuma ikigeuka manjano kuanzia majani ya chini, yaliyozeeka, ni upungufu wa naitrojeni, ongeza samadi. Manjano ikianzia majani machanga ya juu huku mishipa imebaki kijani, huo ni upungufu wa chuma, na samadi peke yake inaweza isitoshe.

Miembe ina njia nyingine ya makumbi ambayo wakulima wa minazi wa India huitumia sana. Chimba mtaro mita 2 kutoka kwenye shina, kina cha nusu mita, panga makumbi mazima tabaka juu ya tabaka, tumbo likitazama juu, kila tabaka ulifunike na udongo. Yatakaa miaka kadhaa yakinywa mvua na kuirudisha pole pole. Fanya upande mmoja wa mti tu kwa mwaka, usije ukaikata mizizi yote kwa pamoja.

Na lundo la makumbi usiliache likaoza likichanganyika na samadi. Chonga, yule mbawakavu mwenye pembe anayetoboa mioyo ya minazi, hutaga humo. Funza wake ni mweupe, mnene, amejikunja kama kikombe, kichwa cha kahawia. Ligeuze lundo kila mwezi na uwaite kuku.

Vifuu sasa. Mavyaa wako asingekosea kama angesema "vifuu vilivyotazama juu". Nusu ya kifuu ikishika vijiko vitatu vya maji ya mvua inatosha kumlea mbu mwenye madoadoa meupe, yule wa mchana, kutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10. Ndiye anayebeba dengi na chikungunya. Wenzetu wa Lamu hawahitaji kukumbushwa: mwaka 2004 chikungunya ililipuka huko kabla haijafika Mombasa, na Komoro mwaka uliofuata. Tena haukuwa wakati wa mafuriko, ulikuwa ukame, mbu wakizaliana kwenye maji ambayo watu walikuwa wameyaweka akiba majumbani. Mayai yake hushikamana na ukuta wa chombo na huweza kukaa makavu miezi yakingoja maji, kwa hivyo kumwaga maji ya kifuu hakutoshi. (Utasikia mafuta ya ganda la korosho huua viluwiluwi. Ni kweli. Usithubutu kuyatia kwenye tangi.)

Kifuu kilichopondwa vipande vya sentimita 2 hadi 3 hakishiki maji na hukaa miaka mingi bila kuoza. Ponda juu ya jiwe, umevaa miwani, vipande vyake huruka kama risasi. Lakini kwa maoni yangu ni uharibifu. Kwenye tuta kifuu hakishiki unyevu kama kumbi, wala hakilishi udongo. Njiani kati ya matuta vinapendeza, hasa msimu wa tope, ila usivikanyage peku. Vilivyobaki vichome makaa, au muachie shemeji. Usivitumie vizima kupamba kingo za tuta isipokuwa umevipindua na kuvizamisha theluthi moja mchangani, na ukivinyanyua tumia kijiti kwanza, nge hupenda nyumba ya namna hiyo.

Maganda ya karanga hukuyauliza, ila ukiyapata yachukue. Sentimita 3 hadi 5, yaloweshe na uyabane kwa makuti, la sivyo kusi litayahamishia kwa jirani. Yanaoza ndani ya msimu mmoja au miwili na kulisha udongo. Yakatae yenye ukungu wa kijani au mweusi, na yale ya njugu zilizochemshwa kwa chumvi. Usiyatandaze kwenye nyanya: kuna ukungu mweupe unaopenda njugu na nyanya vilevile, unaofunga shina pale linapotoka ardhini na kuacha vipunje vya kahawia kama mbegu za haradali. Ukiviona vipunje hivyo kwenye mmea wowote, usingoje. Mwite afisa wa kilimo wa wadi aje aone mmea ukiwa bado umesimama. Mwite pia ukiona mwembe unakauka tawi baada ya tawi, au manjano ya majani machanga yasiyokoma. Kwa hilo la mwisho atakuelekeza kupima udongo. KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, wana kituo Mtwapa.

Limebaki lile tuta la mchicha ulilokwisha mwaga gunia. Vaa glavu za mpira zinazofika kwenye kiwiko, viatu na mikono mirefu, usilishughulikie kwa mvua. Kusanya maganda kwa reki, yarudishe kwenye gunia, kisha kwangua sentimita 3 za mchanga wa juu uufuatishe humohumo. Mchicha uliopo sasa ng'oa, usiule. Tia samadi, mwagilia mitungi miwili kila siku ya tatu kwa wiki mbili, halafu panda pojo 10 pembeni. Zikiota nane au zaidi zikiwa na mizizi mirefu myeupe, rudisha mchicha. Zikiota chache, ngoja mwezi, ujaribu tena. Makumbi usiyaweke hapo mpaka pojo ziote.